Sufuria, chungu na chuma cha vitumbua: namna ya kuvichagua na kuvitunza

Iweke sufuria juu ya kaunta, kitako chini, uizungushe kwa kidole kimoja. Ikizunguka kama pia, irudishe hata kama inang'aa kuliko zote dukani. Sufuria yenye kitako kilichobinuka haikai sawa kwenye jiko la gesi, na kila ukisonga ugali itakukimbia. Jaribio hilo ni la sekunde tano.

Nimepikia kuni kwa bibi, nikapikia mkaa nilipopanga chumba Dar es Salaam, na sasa napikia gesi. Katika kuhamahama huko nimeharibu vyombo vingi, na nikirudi nyuma kuhesabu, vichache sana viliuliwa na moto. Vingine vilikufa dukani, siku nilipovichagua kwa macho. Vilivyobaki nilivimaliza mwenyewe kwenye karo, kwa stilwaya.

Hatua ya 1: Angalia moto wako kabla ya kuangalia duka

Jiko la mkaa linatoa joto pana, kali, na ni tabu kulipunguza. Linataka chombo kizito kinachopokea joto taratibu. Kitako cha mviringo hakina neno, kinakaa vizuri kwenye mafiga ya jiko. Kuni zina ndimi za moto zinazopanda ubavuni, kwa hiyo vishikio vya plastiki havifai hata kidogo. Vitayeyuka kabla maharage hayajachemka.

Gesi ni habari nyingine. Moto wake ni duara dogo, na kitako chembamba kikikaa juu yake joto halipati nafasi ya kutawanyika. Ukiwahi kupakua wali ukakuta chini kuna pete nyeusi iliyoungua, katikati na pembeni kukiwa kweupe, umeuona moto wa gesi umejichora. Usimlaumu mpishi, kitako ndicho chembamba. Kwa gesi tafuta kitako bapa na kinene.

Halafu kuna suala la ugali, ambalo wauzaji wa seti zinazotoka nje hawalijui. Kwenye mafiga ya chini tulikuwa tunaibana sufuria kwa vijiti au tunaikanyagia kwa mguu. Jiko la gesi liko kiunoni, na sufuria isiyo na mikono inazunguka pamoja na mwiko. Nunua sufuria moja yenye mikono miwili imara, iliyofungwa kwa ribiti na si kwa skrubu, uiite ya ugali. Na kama unatumia ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu yake, usisongee ugali mkubwa hapo. Mtungi mwembamba, sufuria pana, mtu anasukuma mwiko kwa nguvu zote: hapo unasubiri kupinduka tu.

Wenye majiko ya umeme ya indaksheni wanahitaji kitu kimoja zaidi, sumaku. Jiko hilo halipashi joto alumini wala udongo. Linataka chombo ambacho sumaku inakishika kitakoni. Mimi natumia sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Ninaenda nayo dukani, na utaona baadaye ina kazi nyingine.

Hatua ya 2: Hesabu unachopika kwa wiki

Seti ya sufuria sita zinazoingiliana ni zawadi nzuri ya kicheni pati, na ni matumizi mabaya ya pesa zako mwenyewe. Mbili ndogo utachemshia maziwa, ile kubwa utaishusha kukiwa na msiba au shughuli, na tatu za katikati ndizo utakazozitumia mpaka zichoke. Basi nunua tatu za katikati, nzito, kwa pesa ile ile.

Kwa nyumba ya watu watano au sita, mimi ningeanza na sufuria ya lita 5 ya wali (kilo moja ya mchele ikiiva inaingia na nafasi inabaki), ya ugali yenye mikono, ndogo ya chai na uji, chungu kimoja cha mchuzi, chuma cha chapati, na karai la maandazi na samaki. Flampeni ya mayai kama mnakula mayai. Maharage kila wiki? Ongeza sufuria ya presha. Chuma cha vitumbua ninunue mimi ninayekitumia. Wewe usikinunue kwa sababu jirani anacho.

Hatua ya 3: Kagua kwa mikono

Sufuria za alumini za sokoni ni za namna mbili, na tofauti yake ni muhimu kuliko bei.

Za kwanza ni za bati la alumini lililokandamizwa kiwandani. Ubavu wake una mistari myembamba ya mduara, zina mhuri au namba ya ukubwa, na ukigonga kwa kifundo cha kidole zinalia. Kwa hizi kagua unene. Shika mdomo wa sufuria kwa mikono miwili, bonyeza kwa vidole gumba. Ikibonyea kama kopo la maziwa, itabonyea na jikoni. Inyanyue uiangalie kwenye jua kama kuna vitundu. Zikiwa mbili za ukubwa mmoja, chukua nzito.

Za pili ni za kusubu. Fundi anayeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga. Zina uzito, nje zina chembechembe kama ngozi ya chungwa, zina alama za tupa mdomoni, na ukizigonga zinatoa sauti ya kuziba. Kwa kupika ni tamu, kwa sababu unene wake unatawanya joto vizuri. Ninazipenda na nilizitumia miaka mingi. Shida ni kilichoingia kwenye tanuri: vipande vya injini, rejeta, makopo, na chochote kilicholetwa na waokota chuma. Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliopima vyombo 42 vya alumini vya namna hii kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na zaidi ya theluthi moja vilionekana kuwa na hatari ya risasi. Risasi ninayosema ni ile metali, yenye sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwenye ubongo.

Kwa macho huwezi kujua ipi ina risasi na ipi haina. Msimamo wangu ni huu: ya kusubu ichemshe maji ya kuoga, ipike pumba za kuku. Mchuzi wa nyanya, uji wa ndimu, chakula cha mtoto, au chakula cha kulaza usiku kucha, hapana.

Sufuria za stili angalia kitako tu. Stili yenyewe haisafirishi joto vizuri, ndiyo maana zilizo nzuri zina kitako cha matabaka, alumini ikiwa imebanwa katikati. Ukiitazama kwa ubavu utaona ule ukanda mnene chini. Kama hauoni, chakula kitashika pale pale moto unapopiga.

Chungu kigonge kwa ukucha. Kizima kinalia kama kengele ndogo. Chenye ufa kinajibu kama ubao. Pitisha kidole mdomoni mpaka urudi ulipoanzia, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Vyungu vya Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Matema, vina sifa kubwa nchini, vyembamba na vimepatana mduara kana kwamba vimetoka kwenye mashine, ilhali akina mama huvifinyanga kwa mikono. Popote kitokapo, usinunue cha kupikia kilichopakwa rangi ya mafuta ya kung'aa. Hicho ni cha maua.

Chuma cha chapati na cha vitumbua, toa ile sumaku ya spika. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, ni alumini ya kusubu iliyopakwa weusi, na yale niliyosema juu yanaihusu. Muuzaji mmoja aliniapia kwa Mungu kwamba ni chuma kitupu, sumaku ikateleza ikaanguka chini. Tulicheka wote wawili, lakini sikununua.

Hatua ya 4: Zoesha chombo kipya kabla ya chakula cha kwanza

Sufuria ya alumini haina makuu. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni itoke mafuta ya kiwandani, kisha chemsha ndani yake maji ya mchele au maziwa yaliyochanganywa na maji, umwage. Ikififia rangi kidogo, usishtuke.

Chungu kinataka siku mbili. Kizamishe kwenye beseni la maji usiku kucha. Ukikaa karibu dakika za mwanzo utaona vipovu vyembamba vikipanda ubavuni kama soda: ni hewa inatoka kwenye vitundu vya udongo na maji yanaingia. Vipovu vikiisha, kimeshiba. Kitoe, kifute, kikauke kivulini. Kisha weka uji mwepesi wa unga wa muhogo au mahindi, moto mdogo kabisa, uchemke taratibu kama nusu saa, uache upoe humo humo. Wanga unaziba vile vitundu. Mwaga, suuza, na pishi la kwanza liwe la nazi, si la ndimu.

Chuma cha vitumbua ndicho kinachowakatisha watu tamaa, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Mtu ananunua chuma leo, kesho anakoroga mchele, nazi na hiliki, anamimina, na kila kitumbua kinabaki nusu kwenye shimo. Anasema unga haukuumuka. Unga ulikuwa mzima. Chuma kilikuwa uchi.

Chuma kipya ndani ya mashimo kina mikwaruzo midogo ambayo jicho halioni, na unga unaishika mikwaruzo hiyo. Unachotakiwa kufanya ni kuifunika kwa ngozi ya mafuta yaliyoungua yakagandamana. Fanya hivi:

1. Kisugue kwa maji ya moto, sabuni na stilwaya. Hii ni mara ya kwanza na ya mwisho kwa stilwaya kugusa mashimo hayo. Maji yatatoka meusi. Rudia mpaka yatoke meupe.

2. Kibandike motoni mara moja, kikauke mpaka usione hata mvuke. Chuma kilichoachwa na maji usiku mmoja huamka na kutu.

3. Kikiwa vuguvugu, chovya kitambaa kwenye mafuta ya alizeti upake kila shimo, juu, chini na mgongoni. Halafu chukua kitambaa kikavu uyafute kana kwamba ulikosea kuyapaka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mafuta yakibaki mengi yanaganda kama gundi, yananata, na baada ya wiki yanabanduka vipande vipande. Unataka mng'ao tu, usiolowesha kidole.

4. Kirudishe kwenye mkaa wa wastani, nje au dirishani kwa sababu moshi ni mwingi. Kiache mpaka kifuke na moshi upungue wenyewe. Kiepue, kipoe, paka tena, futa tena, choma tena. Mara tatu ni kidogo, nne au tano ndiyo kazi. Rangi inatoka kijivu, inapita kahawia, inafika nyeusi.

5. Mara ya mwisho kaanga vitunguu vilivyokatwakatwa kwenye kila shimo na mafuta ya kutosha, ukivizungusha mpaka viwe vyeusi. Tupa.

Alizeti ina kazi yake hapa. Ni katika mafuta yanayokauka na kugandamana kwenye joto. Mafuta ya nazi hayafanyi hivyo vizuri, hata kama kwenye kupikia vitumbua vyenyewe ni matamu zaidi.

Hata hivyo mkupuo wa kwanza utashika kidogo. Watoto wanakula hata vilivyopasuka. Siku ya kumimina, chuma kiwe moto kwanza, mafuta yaingie, yapate moto, ndipo unga. Ukisikia ule mlio wa "chwaa" unapogusa, umekwenda sawa. Kisha usikichokoze. Kitumbua kikishaiva chini kinajiachia chenyewe, na ncha ya spoku ya baiskeli inatosha kukizungusha kwenye shimo. Kinachong'ang'ania hakijawa tayari.

Chuma cha chapati kinazoeshwa vivyo hivyo, bila vitunguu.

Hatua ya 5: Kila chakula na chombo chake

Alumini inajilinda kwa utando mwembamba sana unaojijenga wenyewe juu yake. Utando huo una maadui wawili, na wote wamo kwenye mapishi yetu. Wa kwanza ni uchachu: nyanya, ukwaju, ndimu, embe bichi, maziwa mgando. Wa pili ni magadi, tunayotia kwenye mlenda, kunde au makande magumu ili yalainike. Ukipika mlenda wa magadi kwenye sufuria ya alumini utaona ndani pamegeuka jivujivu au peusi. Hakuna uchawi, utando umeliwa. Kupika mara moja moja si jambo la kukosesha usingizi. Kulaza samaki wa ukwaju humo mpaka kesho ndiko kubaya: chakula kinapata ladha ya bati, sufuria inatoboka taratibu. Kikiiva, hamishia kwenye bakuli la kauri au la kioo.

Chungu hakina ugomvi na uchachu, na ndiyo sababu mchuzi wa samaki wa ukwaju wa chungu hauigizwi. Ila chungu kina hasira moja: hakitaki kushtuliwa. Moto uanze mdogo upande polepole. Kwenye gesi weka kibati bapa kati ya moto na chungu. Maji ya kuongeza yawe ya moto. Hili nililipia usiku wa kuamkia Idd. Mchuzi wa pweza ulikuwa umekauka kidogo, wageni walikuwa sebuleni, nikachukua jagi la maji ya friji nikamimina. Kulilia paa, mlio mmoja mkavu, na tui lote likaenda kwenye makaa. Pweza tulimwokota mafigani tukamsuuza. Na ukikiepua usikitue kwenye sakafu ya saruji yenye maji. Kitue juu ya kata ya kitambaa.

Chuma nacho hakipendi nyanya wala ndimu, maana vinaichubua ile ngozi uliyoihangaikia.

Kwenye stili, chumvi itie maji yakishachemka na ukoroge. Chembe za chumvi zikilala kitakoni kwenye maji ya baridi zinachimba vidoti vidogo visivyotoka maisha. Na ukitaka kukaanga kitu kisishike, pasha sufuria kavu, dondosha tone la maji. Likitandaa na kukauka, bado. Likiviringika na kuteleza kama shanga, tia mafuta, kisha chakula.

Flampeni nyeusi zisizogandisha ni za gesi au umeme, moto wa kati, mwiko wa mti. Zisikae motoni tupu. Ule utando huanza kuharibika joto likipita kama nyuzi 260 za Selsiasi, na mkaa mwekundu unafika huko bila kutoa jasho. Ukizidishwa zaidi unatoa moshi unaoweza kuua ndege wa kufugwa ndani, kwa hiyo mwenye kasuku jikoni amhamishe. Kwenye jiko la mkaa mimi sizitumii kabisa.

Sufuria ya presha: maharage yasizidi nusu, chakula kingine kisizidi theluthi mbili. Kabla ya kufunga, unyanyue mfuniko uchungulie mwanga kupitia tundu la kutolea mvuke. Ganda moja la harage linaweza kuliziba. Baada ya kupika usiulazimishe mfuniko. Ukikataa kufunguka, mvuke bado umo ndani, na uko kwenye nyuzi 120 hivi.

Hatua ya 6: Kuosha

Kwetu mwanamke anapimwa kwa sufuria zake. Zinapangwa rafuni, vitako vikimtazama mgeni, na kila kitako lazima kionyeshe uso wa mtu. Ndiyo maana tunasugua kila siku, ndani na nje, mchanga, majivu, stilwaya. Yale maji ya kijivu yanayotiririka kwenye karo ni sufuria yenyewe inakwenda. Bibi alisugua kwa majivu na zake zikadumu, nakubali, lakini sufuria za bibi zilikuwa na unene wa ganda la nazi. Hizi za leo haziwezi.

Kwa hiyo nje sugua upendavyo, ndani uhurumie. Na hata hiyo nje ina ujanja wake. Kama unapikia kuni, koroga majivu na maji kidogo yawe kama uji mzito, au udongo, upake kitako na ubavu wote kabla ya kubandika. Masizi yatashika kwenye ule udongo, na jioni ukimwagia maji yote yanavuka pamoja. Nilijifunza kwa bibi nikiwa darasa la pili na sijaona sabuni inayoshinda hilo.

Ndani ya alumini pakiwa peusi, chemsha maji na maganda ya ndimu au kipande cha ukwaju kwa dakika kumi. Panarudi peupe bila kusuguliwa. Usifanye hivyo kila siku. Ule weusi haudhuru, na siku zilizobaki uache.

Ukoko ulioungua usiushambulie kwa kijiko cha chuma. Jaza maji juu ya ukoko, chemsha, funika, kalale. Asubuhi unanyanyuka kwa mwiko. Usitie magadi wala soda ya kuokea kwenye alumini. Kwenye stili ndipo mahali pake, hapo soda inafanya kazi ya ajabu. Na ile michirizi ya bluu na zambarau inayotokea kwenye stili inatoka kwa matone ya siki na kitambaa.

Chungu hakiogi sabuni. Vitundu vyake vinainywa, na mchuzi unaofuata utatoa povu. Maji ya moto na kumbi la nazi vinatosha. Kikianza kunuka samaki, chemsha humo maji na majani ya mlimao.

Chuma cha vitumbua au chapati futa kikiwa bado na joto. Kama kuna kilichoshika, tia chumvi ya mawe na mafuta kidogo, sugua kwa kitambaa, futa, rudisha motoni dakika mbili. Kikipata kutu usikitupe, rudi hatua ya 4 uanze upya. Saa mbili tu kimefufuka. Hakuna chombo kingine jikoni kinachokubali kusamehewa hivyo.

Hatua ya 7: Kuhifadhi, na lini useme basi

Vyombo vikauke kabisa kabla ya kuingia kabatini. Chungu kikae mdomo wazi mahali penye hewa, kikifunikwa kinaota ukungu. Kikikaa miezi bila kazi, kiloweke tena kabla ya kukibandika. Flampeni nyeusi zikipandana, weka kitambaa katikati. Mpira wa sufuria ya presha utoe, uoshe, uukaushe, na usiache mfuniko umefungwa; mpira ukikakamaa nunua mwingine, usijaribu kuubana kwa plasta.

Flampeni ikianza kubanduka utando ndani ya chakula, imekwisha. Chungu chenye ufa mdomoni kinaweza kuhifadhi unga, kupika hapana. Stili ikilegea mkono, fundi anapiga ribiti nyingine.

Alumini iliyotoboka ndiyo inayohitaji msimamo. Fundi wa mtaani atakuambia anaiziba kwa lehemu kwa pesa kidogo. Muulize lehemu ya nini. Ile inayotumika kwenye redio na mabati mara nyingi ina risasi ndani yake, na utakuwa umeinunua ile ile uliyoikimbia dukani. Kuwekewa kitako kipya cha bati la alumini, kilichokunjwa na kugongwa bila lehemu, sawa. Vinginevyo tundu moja likishatokea mengine yako njiani, kwa sababu unene ni ule ule pande zote. Yangu ya mwisho iliyotoboka nimeijaza udongo, ina mchaichai, iko nje ya mlango wa jikoni.